Tabora: Mji wa Misafara Ambao Historia Yake Bado Iko Kazini

Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, mafundi wa karakana ya reli ya Tabora walipewa kazi ambayo hakuna fundi wa reli aliyewahi kuisomea: kupiga sarafu za dhahabu. Meli za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, fedha kutoka Ujerumani haziingii, na serikali ya koloni ilikuwa imeikimbia Dar es Salaam na kuhamishia makao yake bara. Dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Zikapigwa sarafu za rupia 15, zaidi ya elfu 16 kwa idadi, upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga na nyuma yake mlima. Hazikuwahi kuzunguka sokoni muda mrefu. Septemba 19 mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka mji, na leo anayetaka kuishika sarafu moja ya Tabora aende kwenye minada ya Ulaya, tena aende na mfuko mnene.

Msikilizaji, kisa hicho kinatangulia makusudi. Wageni wengi wanaokwenda kutazama mambo ya kale Tanzania huishia Bagamoyo, Kilwa au Mji Mkongwe wa Unguja, wakapiga picha magofu, wakarudi. Tabora haina magofu mengi ya kupigia picha. Majengo yake ya kale hayajapumzika: stesheni inakata tiketi, boma lina askari, shule ina wanafunzi. Ndiyo maana mpita njia anaweza kulala Tabora siku mbili akisubiri usafiri, akaondoka akidai hakuona kitu.

Tuanze na jiografia kidogo, maana bila hiyo mji huu hauelezeki. Tabora iko kwenye nyanda za juu za Unyamwezi, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, katikati ya misitu ya miombo. Katika karne ya 19 njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilipanda Usagara, ikavuka ukavu wa Ugogo, ikafika Unyanyembe, utemi ambao ndani yake mji ulikuja kukua. Hapo ndipo ilipogawanyika. Njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na kuvuka kwenda Manyema. Nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nyingine ilishuka kusini-magharibi kuelekea Ufipa na Katanga. Mfanyabiashara wa pwani aliyefika hapo alishusha mizigo, akapanga wapagazi wapya, akauliza habari za vita na bei za pembe, kisha akaamua aelekee wapi. Shughuli zote za bandari zilikuwapo, pungufu maji tu.

Waarabu wa Oman na Unguja waliweka makao yao hapo kabla ya katikati ya karne, mahali palipojulikana kama Kaze. Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kaze Novemba 7, 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani kutoka pwani. Walipokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir wa ukoo wa Harthi, aliyewapa nyumba, chakula na, lililo kubwa zaidi, habari. Sehemu kubwa ya yale ambayo Burton aliyaandika kuhusu maziwa na falme za kaskazini aliyapata barazani kwa Snay, kutoka kwa watu waliokwisha kufika huko. Waliendelea hadi Ujiji, na waliporudi mwaka 1858 Burton alibaki Kaze akiugua, Speke akapanda kaskazini, na Agosti 3 akaliona ziwa ambalo yeye aliliita Victoria. Wenyeji wake wa Kaze walikuwa wameshamweleza ziwa liko wapi. Snay mwenyewe aliuawa miaka michache baadaye katika vita vya Waarabu na Mtemi Mnwa Sele, na kaburi lake hakuna mgeni anayepelekwa kulitazama.

Sasa tuingie mjini.

Anayefika kwa treni huanza kuiona historia kabla hajashusha mzigo. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mapema mwaka 1914. Stesheni ya Tabora ni jengo la Wajerumani, lina paa la mwinuko mkali, umbo ambalo lingefaa zaidi kwenye nchi ya theluji. Mwaka 1928 Waingereza walikamilisha tawi la Mwanza, na tangu hapo Tabora ikawa njia panda ya reli kama ilivyokuwa njia panda ya miguu. Treni ya bara ikifika hukatwa: mabehewa ya Mwanza upande huu, ya Kigoma upande ule, na ya Mpanda nayo hupata kichwa chake. Abiria huteremka kunyoosha miguu, wachuuzi hupita chini ya madirisha na asali kwenye chupa za maji, karanga za kukaanga na chai. Asali hiyo ndiyo ya miombo, nyeusi kuliko ya dukani na yenye harufu ya moshi kidogo. Anayeinunua aifunge vizuri, maana behewa likianza kuyumba Malongwe, nguo zote za sandukuni zitajua imetoka Tabora.

Si mbali na stesheni iko Hoteli ya Orion, zamani hoteli ya reli, nayo ya enzi za Wajerumani. Ina baraza pana la kukalia jioni. Hata asiye na fedha ya chumba anaweza kuagiza soda akakaa, akaangalia jinsi wajenzi wa wakati ule walivyoshindana na joto: kuta nene, dari ya juu, kivuli kuzunguka nyumba nzima.

Boma la Wajerumani liko juu ya mwinuko, likiutazama mji. Kuta zake ni nzito na zimejengwa kwa ajili ya kupigana, na kwa kuwa liko mikononi mwa jeshi, kamera ibaki mfukoni. Wapo wanaolalamika kwamba jengo la namna hiyo lingekuwa makumbusho. Lakini jengo lenye mwenye nalo hupakwa rangi na kuzibwa paa, na Tanzania ina maboma kadhaa ya Kijerumani yaliyokabidhiwa historia, yakaachwa kwa popo.

Kinachokosekana pale ni habari ya aliyesababisha boma lijengwe. Mtemi Isike alitawala Unyanyembe kuanzia miaka ya 1870. Wajerumani walipofika mwaka 1890 chini ya Emin Pasha, walipatana na Waarabu wa Tabora na kupandisha bendera yao, huku mwenye nchi akiwa pembeni. Isike hakukubali. Njia ya misafara ilipita kwenye ardhi yake, na alijua kwamba anayeifunga njia amelishika koo la biashara yote ya bara. Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia ngome yake wakashindwa, wakajaribu tena wakashindwa. Januari 1893 Luteni Tom von Prince alirudi na kikosi chenye nguvu zaidi, akavunja kuta. Isike alipoona yamekwisha aliingia ghala la baruti akajilipua. Wajerumani walimkuta bado ana pumzi, wakamnyonga. Kwa mtu anayetaka kuelewa boma la Tabora, hiyo ndiyo sura ya kwanza. Rangi ya kuta na idadi ya madirisha vinaweza kungoja.

Kwihara ndiko kila kitabu cha wasafiri kinakompeleka mgeni. Ni mwendo mfupi wa bodaboda kusini-magharibi mwa mji, kilomita zisizofika kumi, kupitia mashamba, miembe na nyumba za matofali ya kuchoma. Huko iko nyumba inayoitwa Tembe la Livingstone.

Tembe ni nyumba ya bara iliyowafaa watu wa bara: kuta nene za udongo, boriti zilizolazwa juu yake, na juu ya boriti udongo tena, ukishindiliwa hadi paa likawa bapa. Ndani kuna ua, na vyumba vinauzunguka. Wafanyabiashara wa Kiarabu walilichukua jengo hilo, wakaongeza milango ya nakshi na baraza la mbele. Mchana wa Oktoba, jua likichoma nje hadi ardhi inatoa mvuke, ndani mna ubaridi kama wa mtungini. Jengo la sasa limejengwa upya, maana udongo hauvumilii mvua za miaka mia na hamsini bila mkono wa mtu, lakini ramani yake ni ile ile: ingia barazani, pita ukumbini, toka uani, chungulia vyumba. Kutani mna ramani za kale, picha na nakala za barua.

Mwandishi wa magazeti Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Daktari Livingstone, alikaa Kwihara kuanzia Juni 1871. Alikuta kwenye stoo mizigo ya Livingstone iliyokwama pamoja na mfuko wa barua uliofungwa Unguja Novemba 1870. Barua hizo zilikuwa na anwani ya Ujiji, na Ujiji ilikuwa mbele kidogo tu kwa hesabu ya misafara, lakini vita vya Mirambo, tutakayemfikia baadaye, vilikuwa vimeziba njia. Stanley akaubeba mfuko mwenyewe. Walipokutana Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, daktari alisoma habari za nyumbani zilizokwisha kuchakaa mwaka mzima. Mwenzake Stanley, baharia John Shaw, aliyeugua na kurudishwa, alifia Kwihara.

Februari 18, 1872, Stanley na Livingstone waliingia Kwihara pamoja. Mwezi mmoja baadaye Stanley akaelekea pwani, na mzee akabaki akingoja watu wa kumchukulia mizigo. Alingoja hadi Agosti. Wanaume 57 walioandikishwa Unguja walipofika, akaondoka Agosti 25 kuelekea kusini, na hakuonekana tena Tabora akiwa hai.

Mei 1873 alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walitoa matumbo, wakakausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba. Oktoba walifika Unyanyembe. Katika tembe lile lile la Kwihara walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone na sasa amechelewa. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa: wameahidi kumfikisha kwao.

Kinachofuata kinastahili kusimuliwa polepole. Siku chache mbele, mahali panapoitwa Kasekera, ilibainika kwamba watu wa njiani hawataruhusu maiti ipite kwao. Wapagazi wakakaa faragha, wakabuni hila. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga kwa kitambaa hadi yakapata umbo la mtu, wakatangaza kwamba wameshindwa na wanarudisha maiti Unyanyembe ikazikwe. Watu sita wakaondoka na jeneza hilo la uongo kwa huzuni yote inayotakiwa. Walipofika porini usiku walifungua mzigo, wakatupa mabua huku na kule, wakajipenyeza kurudi kwa wenzao. Wakati huo huo maiti halisi ilikuwa imekunjwa na kufungwa upya, ikafanana kabisa na robota la nguo za biashara, na robota halimshtui mtu kwenye njia ya misafara. Likapita Ugogo wote. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na Aprili 18 Livingstone akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Sasa tazama: nyumba ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kiarabu, ikajengwa kwa ufundi wa bara, ikawahifadhi Stanley, Livingstone, Cameron na wapagazi waliofanya kazi ngumu kuliko wote. Jina likabaki la mgeni aliyelala hapo miezi sita. Si vibaya Livingstone akumbukwe. Lakini kibao kinachowataja Susi na Chuma kwa herufi kubwa kama zake kisingeitia hasara idara yoyote.

Suala la wapagazi ndilo linalochanganywa zaidi na waongoza watalii. Mara nyingi mgeni huambiwa kwamba pembe zote za ndovu zilifika pwani mabegani mwa watumwa waliofungwa minyororo. Watumwa walikuwepo, na Tabora yenyewe ilijaa watumwa wa nyumbani na wa mashamba. Misururu ya mateka kutoka Manyema ilipita hapa, na hakuna sababu ya kulifunika jambo hilo. Sultani Barghash wa Unguja alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mizigo ya njia hii ilibebwa na Wanyamwezi huru waliopatana malipo kwa nguo, shanga na waya. Walisafiri kiangazi baada ya mavuno, wakarudi kabla mvua hazijakolea ili wawahi kulima. Kijana ambaye hakuwahi kufika pwani alionekana bado mtoto.

Ilikuwa kazi yenye taratibu zake. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa joho jekundu au ngozi na manyoya kichwani, nyuma yake mbeba bendera na mpiga ngoma. Waliofuata walikuwa wabeba pembe, watu wenye heshima yao, kengele zikining'inia kwenye ncha za pembe. Nyuma yao marobota ya nguo za merikani na kaniki, mifuko ya shanga, misokoto ya waya uitwao masango. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, na juu yake pagazi aliongeza mkeka wake, chungu na chakula. Msafara ulipolipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa mtemi ulipita. Ulipokataa, visima vilifungwa. Wapagazi waligoma, walidai posho, walikimbia usiku na mizigo pale walipodhulumiwa. Vitabu vya wazungu wa wakati ule vimejaa manung'uniko kuhusu migomo hiyo, jambo linaloonyesha kuwa mgomo ulikuwa unafanya kazi.

Alama walizoacha haziko ndani ya kabati la kioo. Ziko kwenye utani wa Wanyamwezi na makabila ya pwani kama Wazaramo na Wazigua, ambao watu wengi huuhusisha na safari hizo, na ambao hadi leo humruhusu mtani kuingia msibani akavuruga kilio bila kugombezwa. Ziko katika Kiswahili chenyewe, kilichopenya bara pamoja na misafara kabla mkoloni hajakifanya lugha ya ofisi. Na ziko Katanga, ambako Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi, alianzisha ufalme wake Bunkeya na kuutawala mpaka alipouawa mwaka 1891 na kikosi kilichotumwa na Mfalme Leopold.

Njia ya misafara ilikuwa na mpinzani wake mkubwa. Mirambo wa Urambo alielewa mapema kwamba biashara yote inapita kwenye uchochoro mmoja, akajenga jeshi la wapiganaji walioitwa rugaruga, wenye magobore, akaukaba. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga, Stanley akiwa upande wao, wakarudi wametawanyika. Agosti 22 Mirambo akaingia Tabora, akachoma sehemu ya mji, na mfanyabiashara mashuhuri Khamis bin Abdullah akafia kwenye mapambano hayo. Vita vikaendelea hadi mwaka 1875. Mwaka uliofuata Stanley alipita tena na wakachanjana damu ya udugu, maana mwandishi huyo wa magazeti alijua kubadilika na upepo. Mirambo alifariki Desemba 1884, na himaya yake ikasambaratika haraka. Mjini Tabora jina lake liko kwenye shule na kambi ya jeshi. Anayetaka zaidi aende Urambo yenyewe, kilomita 90 hivi magharibi, ambako baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walijaribu mradi wao wa karanga uliowafilisi, na sasa wakulima wanalima tumbaku.

Turudi mjini, kwenye shule. Shule ya serikali ya Tabora, inayojulikana na kila mtu kama Tabora Boys, ilianzishwa na Waingereza miaka ya 1920, mwanzoni ikiwalenga watoto wa machifu. Ilifuata mtindo wa shule za bweni za Uingereza, na nidhamu yake ya kwata inaendelea mpaka leo. Julius Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937 akitokea Musoma, akamaliza mwaka 1942 na kwenda Makerere. Alirudi Tabora mwaka 1946 kufundisha St. Mary's, shule ya Wakatoliki, mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Kwa hiyo kijana aliyekuja kuongoza uhuru alitumia karibu miaka tisa ya ujana wake katika mji huu. Rashidi Kawawa na Chifu Abdallah Fundikira, wa ukoo ule ule wa watemi wa Unyanyembe, nao walisoma Tabora.

Wala haikuishia darasani. Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora, na ajenda iliyowasha moto ilikuwa kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na masharti ya kipato na elimu yakawaengua Waafrika wengi. Wajumbe wengi walitaka kususa. Nyerere akasimama kuwashawishi waingie. Wakakubali, na uamuzi huo ukaingia kwenye historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuunda chama chake cha ANC. TANU ilishinda uchaguzi huo uliofanyika kwa awamu mwaka 1958 na 1959. Haikupita miaka minne tangu mkutano ule, Tanganyika ikawa huru.

Wasikilizaji wa umri fulani watauliza mbona muziki hautajwi. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitoka hapa, na kwa muda Tabora ilishindana na Morogoro na Dar es Salaam. Mji wa reli hupokea santuri mpya mapema, na hupokea pia wapiga gitaa wanaoshuka kwenye treni kutoka Kigoma wakiwa na mitindo ya Kongo vidoleni. Hiyo ni mada ya kipindi kizima.

Kwa anayepanga safari, miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu na njia za Kwihara hupitika bila shida. Anayependa maembe asubiri mvua za mwisho wa mwaka; mti huo uliletwa na watu wa misafara, na miembe mikubwa ingali inaonyesha penye makazi ya zamani. Kwa gari, lami sasa inatoka Dodoma kupitia Manyoni na Itigi. Njiani, anayekatiza kidogo kusini ya barabara kuu hufika Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, kituo cha misafara na baadaye cha Wajerumani. Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, pamoja na Bagamoyo, Mamboya na Mpwapwa, ziliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Kupendekezwa ni hatua ya kwanza tu, na vituo hivyo sita havijapanda ngazi inayofuata.

Mwenye nguvu za kwenda mbele apande treni ya Kigoma. Ujiji kuna makumbusho na mnara mahali Stanley alipomkuta Livingstone. Mwembe wa siku ile ulikwisha kufa, iliyopo ni vizazi vyake. Reli hiyo hiyo ndiyo iliyopitisha Tabora vipande vya meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku na kuunganishwa upya Kigoma kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili adui asiipate, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la MV Liemba. Imebeba abiria, dagaa na wakimbizi kwa karibu karne nzima, na katika miaka hii ya karibuni imewekwa kwenye matengenezo makubwa, kwa hiyo msafiri aulize kwanza bandarini Kigoma kabla ya kupanga safari yake ya ziwani.